Udongo wa Kichuguu cha Nkambo Kalenga

Nilichovya kalibu kwenye ndoo, nikaikung'uta, nikaiweka chini pale nilipokuwa nimenyunyiza majivu. Nikachukua donge la udongo kwa mikono miwili na kulitupa ndani kwa nguvu, ili lifike pembe zote, kisha nikakwangua juu kwa kipande cha ubao. Kalibu huinuliwa taratibu, pande zote kwa pamoja. Ukiharakisha, tofali linapinda. Hilo halikupinda. Lilibaki chini likiwa bichi na linang'aa, nikasogea kwenda kwa lingine.

Kabwe, binti yetu mdogo, alikuwa shimoni akikanyaga udongo kwa miguu, sketi ameifunga kiunoni. Aliimba wimbo wa kwetu, na kila alipofika mwisho wa mstari alipiga mguu kwa nguvu mpaka matope yakamrukia usoni. Baba yake hakuonekana. Alikuwa upande wa pili wa kichuguu, tukisikia sururu yake tu.

Kichuguu chenyewe kilikuwa kirefu kuliko nyumba. Wakati huo Katuba ilikuwa mtaa mpya wa Élisabethville. Viwanja vilikuwa vimepimwa kwa kamba, nyumba zinainuka huku na huku, na kati ya nyumba na nyumba kulikuwa bado na vichuguu vikubwa vyenye miti juu yake. Watu walivikata kidogo kidogo na kuvigeuza matofali, kwa maana udongo uliotafunwa na mchwa haupasuki ukikauka. Ndivyo mtaa ulivyokuwa ukijengwa.

Sisi hatukuwa watu wa hapo. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya Luapula, upande uliokuwa wa Waingereza. Mwishoni mwa mvua mchungaji wetu aliuliza kanisani ni nani angetoa kiangazi kimoja kwenda kuwasaidia ndugu wa Élisabethville, waliotaka kujenga nyumba ya masomo ya wanawake na hawakuwa na fundi wa matofali. Mume wangu, Chomba, alisimama. Halafu akanitazama, nami nikasimama. Kabwe alikuwa amesimama kabla yetu sote. Tukavuka mto kwa mtumbwi mpaka Kasenga, na kutoka hapo tukapanda lori la samaki. Wenyeji wetu walitukumbatia vizuri sana mlangoni, kisha wakaenda kufungua madirisha.

Tulikaa kwa Mama Marie-Thérèse, mtu wa Kasai, na mumewe Floribert, mzee wa kanisa aliyekuwa karani katika duka la nguo mjini. Chakula kililetwa na nyumba za waumini kwa zamu, bukari, yaani ugali wa huko, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mimi sikuachiwa hata ufagio. Jumamosi mchana waumini walikuja kiwanjani kutusaidia, wamevaa safi, wakaimba, wakabeba maji, wakarudi kwao. Siku nyingine zote tulikuwa watatu. Sikuona ubaya wowote. Wanaume walikuwa makazini, wanawake walikuwa na watoto na bustani, na mafundi tulikuwa sisi. Nilidhani kazi ya kujitolea ndivyo inavyokuwa.

Jambo moja tu lilinikaa moyoni kila nilipoinua kalibu. Chola, binti yetu mkubwa, tulimwacha kwa mumewe akiwa na mimba yake ya kwanza, na siku zake zilikuwa zitimie mvua zinapoanza. Kwetu, binti akizaa mara ya kwanza, mama yake huketi nyuma yake na kumshika mgongo. Nilimwahidi kwamba nitakuwapo. Na mvua zikianza, malori hukwama katika njia ya Kasenga na watu hulala porini na samaki wao. Kwa hiyo matofali yalipaswa kutimia, kukauka, kupangwa na kuchomwa, nasi tuwe tumepanda lori kabla ya mvua ya kwanza. Tanuru moja tulikwisha kuchoma. La pili lilikuwa limefika nusu, na joto lilikuwa tayari lile la mwisho wa kiangazi, linalomfanya mtu atazame juu kila mara.

Nilikuwa natazama juu namna hiyo wakati bibi mmoja alipotokea kwenye njia ya kijitoni. Alikuwa mwembamba, kichwani ana kikapu kikuukuu, mkononi jembe dogo.

"Jambo yenu," alisema.

"Jambo, Mama."

Alitazama matofali yaliyoanikwa, akatazama miguu ya Kabwe, kisha akaenda kukizunguka kichuguu polepole, mkono mmoja akiupitisha juu ya majani. Alipofika upande tulioukata, sururu ya mume wangu ikanyamaza.

"Nani alikupa hii?" nikamsikia akiuliza.

"Kanisa, Nkambo." Nkambo ndivyo bibi anavyoitwa huko, na tulikuwa tumekwisha kujifunza.

"Na kanisa iliiokota wapi?"

Niliacha kalibu nikaenda. Mume wangu alikuwa amevua kofia. Bibi alishusha kikapu akakaa juu ya bonge la udongo, bila hasira, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta viti vimehamishwa.

"Miye naitwa Kalenga," alisema. "Kijiji yetu ilikuwaka hapa, mbele batuambie twende ng'ambo ya kijito. Hii kichuguu ni ya inswa. Ya mama yangu, na mama yake mbele. Mvua ya kwanza ikinyesha, miye njo nakuyaka hapa na kikapu. Kila mwaka."

Inswa ni kumbikumbi, njo ni ndio, kuya ni kuja, na sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu pia kichuguu cha kumbikumbi kina mwenyewe, kinarithiwa kama shamba. Mtu hukaangia watoto wake, huanika, huweka akiba ya miezi ya njaa. Nilimtazama mume wangu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nkambo, nilikizunguka kabla ya kukigusa," alisema. "Kwetu mwenye kichuguu hukifyeka mwaka mzima. Chini panakuwa peupe, kila mtu anajua kina mtu. Hiki kilikuwa na majani mpaka juu. Nikawauliza watu wa kanisa, hawakujua. Nikasema basi, hakina mwenyewe."

"Mwaka muzima?" Nkambo Kalenga alikunja uso. "Munafyeka mwaka muzima?"

"Ndiyo."

"Na inswa inakubali? Weye ukilala, mutu anakuya kukufagilia ku kichwa kila siku, utabakia mu ile nyumba?"

"Kwetu zinabaki, Nkambo."

"Basi inswa ya Luapula iko na roho muzuri. Ya huku inahama." Akacheka kidogo, akaacha kucheka. "Huku tunaiacha na majani yake mpaka mawingu ya kwanza. Njo tunafyeka. Leo nilikuya kufyeka."

Akanyanyuka, akang'oa unyasi mrefu, akaupenyeza katika tundu moja kwenye upande uliokatwa. Akasubiri. Alipouvuta, mchwa wekundu wenye vichwa vikubwa walikuwa wameung'ang'ania kwa meno.

"Bado biko," alisema. "Mama yao bado iko chini. Sururu haijamufikia."

Mume wangu aliutazama ule unyasi, kisha akaiegemeza sururu kwenye mti. Aliiegemeza vizuri, kama anavyofanya jioni akimaliza kazi. Lakini jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Floribert alitukuta hivyo. Saa sita maduka ya mjini yalifungwa, naye alizoea kupita kutuona kabla ya kwenda kula. Alisimamisha baiskeli, akasikiliza maneno yote mpaka mwisho, akamsalimu bibi kwa mikono miwili.

"Mama, usituchukie," alisema. "Kiwanja iko na papier. Commune njo ilitupa, na kichuguu iko ndani."

"Sikatae, mwana wangu. Njo maana sikukuya na polisi. Nilikuya na kikapu."

Floribert alitabasamu. Alikuwa mtu mwema na maneno yake yalikuwa ya kweli. Karatasi ya baraza la mji ilikuwapo. Mume wangu ndiye aliyesema.

"Ndugu Floribert, kwetu nikikata kichuguu cha mtu chenye kumbikumbi, napelekwa kwa chifu. Sasa nijitolee kuja mbali hivi, nifanye kitu ambacho nyumbani ni wizi?"

"Nakusikia, Baba Chola. Lakini mvua? Tofali zitatoka wapi? Na Mama Chola anapashwa kurudia." Akanitazama mimi, na wengine wakanitazama.

"Anapashwa kurudia kwa nini?" aliuliza bibi.

Nikamweleza. Nilisema kwa maneno machache, kwa maana Kiswahili chao nilikuwa bado nakiokota.

"Ni ya kwanza?"

"Ya kwanza, Nkambo."

Alikichukua kikapu chake, akakigeuza, akakitazama ndani ingawa hakikuwa na kitu. Pembeni kilikuwa kimeshonwa upya kwa nyuzi mbichi, bila shaka siku hizo hizo, kwa ajili ya msimu huu.

"Basi kata," alisema. "Mutoto iko mbele ya inswa. Miye nitakula lengalenga, majani tu."

Neno hilo lilikuwa kinywani mwangu tangu mwanzo. Kata. Nililitaka kuliko mtu yeyote aliyekuwapo pale. Mume wangu aliniachia, na niliona kwamba nikisema ndiyo atashika sururu na hatanilaumu, si siku hiyo wala baadaye. Ningefika nyumbani na kuketi nyuma ya mwanangu. Lakini bibi alikuwa tayari ameshika njia na kikapu chake kitupu, na jinsi alivyokibeba sikuweza kuendelea kumtazama.

"Nkambo, ngoja," nikasema. "Hakuna kingine? Kilichokufa?"

Akageuka. "Kilichokufa?"

"Kisichokuwa na inswa. Sisi tunataka udongo tu."

"Iko moja, karibu na kijito, nyuma ya mahali nyumba zetu zilikuwaka. Inswa yake ilihama miye nikiwa bado mubinti. Lakini iko nguvu kama jiwe. Na ni mbali, mama. Unapita mutaa muzima."

Floribert alikuna kichwa, akasema lazima arudi dukani, akapanda baiskeli bila kula. Mume wangu alienda na bibi kukitazama hicho kichuguu, akarudi peke yake na donge mfukoni. Alilivunja, akalinusa, akalitia ulimini.

"Udongo mzuri," alisema kwa Kibemba. "Mzuri kuliko huu. Lakini lazima ulale majini kabla ya kukanyagwa, na sisi tuko watatu. Nichimbe, tubebe, tuloweke, tufyatue. Hatutawahi, Mama Chola."

"Unasemaje basi?"

"Wewe na Kabwe mpande lori lijalo. Mimi nitabaki, nimalize, nichome peke yangu. Mvua ikinikuta, nitangoja iishe."

"Mvua ikikukuta, matofali yote yatarudi kuwa matope, na wewe utakuwa umekaa miezi sita juu ya matope."

"Labda."

"Na hakuna anayelilinda tanuru peke yake. Utalala saa ngapi?"

Kabwe alikuwa ametoka shimoni, amesimama kati yetu, matope yanamkaukia miguuni. "Kanisani tulisimama watatu," alisema.

"Hakuna aliyekuuliza," nikamwambia, lakini si kwa ukali.

Nikachukua kapu kubwa la kubebea matofali. "Nitaleta kapu moja kwanza," nilimwambia mume wangu. "Niione hiyo njia kwa miguu yangu. Nikirudi nitakuambia kama napanda lori."

Kichuguu cha kijitoni kilikuwa kijivu na kipara, hakina hata unyasi. Nkambo Kalenga alikuwa akitungoja. Mume wangu alipiga sururu, ikaruka. Akapiga tena. Mabonge yakaanza kushuka, nikajaza kapu, nikatengeneza kata ya nguo kichwani, naye akanitwika. Bibi akajaza kile kikapu chake kidogo.

"Nkambo, acha," nikamwambia.

"Niache nini? Njia unaijua?"

Njia ilipanda kutoka kijitoni, ikaingia kwenye barabara pana ya mtaa, nyumba upande huu na huu. Uzito ulinikaa shingoni. Vumbi la udongo lilichanganyika na jasho na kunishuka machoni, na mikono yote ilikuwa juu, sikuweza kujifuta. Nilihesabu moyoni safari zinazohitajika kwa tanuru nusu, na kabla ya kufika nyumba za kwanza nilikuwa nimepata jibu. Ningepanda lori. Nilikuwa natafuta tu namna ya kumwambia Chomba.

Mama Marie-Thérèse alikuwa amekaa mbele ya mlango wake akichambua maharagwe. Aliinua macho, akayashusha, akayainua tena.

"Eh! Mama Chola! Unaenda wapi na ile kintu?"

"Kanisani, mama. Ni udongo."

"Unapita na muzigo mbele ya mulango yangu?"

Nikadhani nimekosea njia. "Nipite wapi?"

"Haupite!" Sinia la maharagwe likashuka chini. "Mugeni wangu, anakula kwangu, analala kwangu, anapita hapa na udongo ku kichwa, na miye nimekaa na maharagwe! Batu banaona! Lete."

"Ni zito, mama."

"Lete, nasema!"

Baadaye nilielezwa vizuri. Kwa watu wa Kasai, na barabara ile ilikuwa yao karibu yote, mgeni hapiti mbele ya mlango wako amebeba mzigo. Unampokea, unambebea mpaka pale kiwanja chako kinapoishia. Sikuwa nimejua, kwa kuwa tangu tuje hatukuwahi kubeba kitu barabarani. Kiwanja cha kanisa kilikuwa nyuma, mbali na milango, na kila kitu tulichohitaji kilikuwa hukohuko. Hakuna aliyekuwa ametuona tukibeba.

Marie-Thérèse alitwaa kapu, akalalamika kwa Kiluba, akaenda nalo. Aliyeishi nyumba ya pili aliitwa Brigitte, mdogo wake kwa umri, aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa ameona yote kutoka dirishani, akatoka mbio na kuziba njia.

"Yaya, unafanya nini?"

"Unaona nabeba."

"Na mulango yangu? Yaya wangu apite hapa na udongo, miye nikiangalia mu dirisha? Bataniimba mutaa muzima!"

"Utoke, Brigitte, iko nzito."

"Njo maana nasema lete!"

Wakavutana kidogo, udongo ukamwagika, Brigitte akashinda. Alilibeba mpaka kwa Léonie, ambaye alikuwa amevaa gauni la kwenda mjini, mkoba uko mkononi. Léonie alitazama kulia, akatazama kushoto, akakuta majirani wote wako milangoni.

"Munaniharibia robe," alisema.

"Si uache?" Brigitte akamjibu. "Pita, uende mu mji."

"Niache, muniseme mpaka Noeli?" Akaukabidhi mkoba kwa mtoto wake, akainama, akatwikwa.

Mimi nilikuwa nyuma, mikono mitupu, nikilifuata kapu langu mwenyewe. Nyuma yangu Nkambo Kalenga alikuwa amenyang'anywa kikapu chake.

"Miye siko mugeni!" alipiga kelele. "Nilizaliwa hapa! Weye njo mugeni!"

"Ndiyo, Nkambo," alijibu mwanamke aliyekipokea, "lakini mulango ni yangu."

Bibi alisimama barabarani akacheka mpaka akashika magoti.

Nilirudi kijitoni, nikajaza tena. Sikuwa nimepanga kitu. Nilikuwa nimeahidi kapu moja, lakini sasa sikuwa nimelibeba hilo moja hata nusu ya njia, na niliona si haki kuishia hapo. Mara ya pili walikuwa wanangoja milangoni, wengine wamejifunga vitenge vya kazi. Mara ya tatu Marie-Thérèse alinikuta kabla sijafika barabarani. Mara ya nne, nilipokuwa nikijaza, nilisikia sauti zikishuka kwenye njia, na mabeseni yakigongana.

"Kama ni vile," Marie-Thérèse alisema, akitua beseni lake mbele ya mume wangu, "afazali tukuye huku huku, tumalize haya mara moja. Maharagwe yangu haijaiva. Ijaze, Baba Chola. Ijaze vizuri, usinipe ya mutoto."

Jua lilipoanza kushuka wanaume walirudi kutoka makazini na kukuta milango iko wazi na majiko yamezimika. Baadhi walinuna, na mmoja alisema kwa sauti kwamba hajawahi kuona nyumba ya masomo inayomnyima mtu bukari kabla hata ya kujengwa. Lakini Floribert alivua koti, akalikunja, akalitundika kwenye usukani, akafunga gunia la udongo nyuma ya baiskeli. Baada ya hapo baiskeli zilikuwa nyingi.

Jioni rundo la mabonge lilikuwa limefika kiunoni mwangu na kuenea kando ya msingi wa jengo. Watu waliondoka mmoja mmoja kwenda kupika, wakiulizana kwa nani kuna moto. Nilivunja mabonge kwa nyundo ya mti, Kabwe akiyasukuma ndani ya shimo, na mume wangu akimwaga maji ndoo baada ya ndoo. Udongo mkavu ulikuwa unanywa kama ng'ombe.

Upande wa pili, Nkambo Kalenga alikuwa ameomba karai la udongo wetu uliokwisha kukanyagwa. Aliupaka taratibu kwenye lile jeraha la kichuguu chake, kutoka chini kwenda juu, akilisawazisha kwa kiganja. Nilienda kumsaidia mahali ambapo mkono wake haukufika.

"Watakirudia?" nikamuuliza.

"Kama mama yao hakuogopa, asubuhi utaona wameanza kushona pembeni. Kama iliogopa..." Akainua bega. "Nitakuya kuangalia. Na weye, mutoto wako njo anaitwa nani?"

"Chola."

"Chola iko na mama mukwe muzuri?"

"Mzuri. Mpole."

"Bon. Ni kitu." Akaendelea kupaka. "Lakini haiko mama."

"Hapana, Nkambo. Si mama."

Mume wangu alikuja akakaa karibu na shimo, akanawa mikono ndani ya ndoo. Kwa muda mrefu alitazama rundo, kisha akatazama mawingu upande wa mashariki, madogo, ya rangi ya majivu.

"Kesho wakija hivi," alisema, "na siku zinazofuata, tutafyatua mpaka Jumapili. Udongo huu haukawii kukauka. Tutapanga, tutachoma, na lori la samaki la mwisho tunaweza kulipata."

"Na wasipokuja?"

"Wasipokuja, wewe na Kabwe mtaondoka na lori la kwanza, bila ubishi."

"Na wakija?"

"Tutapanda wote."

"Na mvua ikija kabla yao?"

Alicheka pumzi tu. "Hilo uliulize juu."

Nilifikiri juu ya Chola, kama yuko nje saa hii akitwanga, kama miguu imemvimba. Nilimwambia moyoni anisubiri kidogo. Sikujua kama mtoto aliye tumboni husubiri mtu, lakini nilimwambia.

Kutoka barabarani sauti ya Marie-Thérèse ilituita tuje kula, na akaongeza kwa nguvu, ili majirani wasikie, kwamba maharagwe ni magumu na kosa ni la wageni. Nkambo Kalenga aliitwa pia. Alisema hawezi, ni giza, ni ng'ambo ya kijito, akaambiwa atalala hapo, akasema halali kwa watu, akaenda kunawa.

Nilivunja mabonge mengine machache.

"Acha," mume wangu akasema. "Hutaona unachopiga."

Tuliyafunika yaliyo shimoni kwa magunia yaliyoloweshwa, tukaweka mawe pembeni upepo usiyafunue. Makubwa yalibaki kando ya msingi, hayajavunjwa, mengi kuliko niliyokuwa nimeyavunja. Niliegemeza nyundo juu yake, mpini ukielekea njiani, ili atakayekuwa wa kwanza kufika asubuhi aishike.